Mikono ya Kaka Sostenes

Siku tuliyomzika kaka yangu Sostenes, nilipewa mimi kusoma wasifu wake, kwa kuwa nyumbani kwetu ni mimi pekee niliyefika kidato cha nne. Niliuandika asubuhi ile ile kwenye karatasi ya daftari. Nikasoma kwamba alizaliwa kijijini, mkoa wa Geita, akabatizwa, akahamia Kahama, akafunga ndoa na Paskalina, wakajaliwa mtoto mmoja, Blessing. Kisha nikasoma: "Marehemu aliugua kwa muda mfupi." Baadhi ya watu wakaguna kwa huzuni, wengine wakafuta machozi. Hakuna aliyeshangaa. Kaka yangu aliugua miaka mitatu, na kila aliyesimama pale kaburini alikuwa ameiona mikono yake.

Tangu siku hiyo sijatulia. Nikikaa kwenye cherehani nashona pindo, nalifumua, nalishona tena. Nimeanza novena mara tatu, sijamaliza hata moja. Nikifumba macho kusali, sauti yangu mwenyewe inanisomea ile sentensi ya muda mfupi. Kwa hiyo naandika upya.

Kazi ya kaka ilikuwa kuchoma dhahabu. Kwetu huku mchimbaji mdogo akishasaga mawe yake kwenye mashine ya karasha na kuyaosha mwaloni, penye mabwawa ya kuoshea, anatia zebaki kwenye mchanga mzito uliobaki. Zebaki inaikamata dhahabu, vinakuwa donge moja jeupe, analikamua kwa kitambaa. Donge hilo linachomwa. Zebaki inatoka kwa mvuke ambao karibu huuoni, na kinachobaki ni dhahabu ya njano. Anayechoma anatakiwa kuwa mtu mwaminifu sana, maana donge likiwa motoni ni rahisi mtu kubana kipande. Sostenes hakubana. Alikuwa mtu wa kanisa, mwanakarismatiki wa kila Jumamosi, na wachimbaji walilijua hilo. Waliwapita mafundi wengine wote wakamletea yeye. Mwaloni walimwita Padre wa Moto.

"Padre, nimekuletea mtoto, umbatize," walikuwa wakimtania wakifunua kitambaa.

"Jina lake nani?"

"Mwite Nyumba ya Bati!"

Alichomea nyumbani kwake Nyahanga, kwenye jiko la nje nyuma ya nyumba, kwa sababu mwaloni macho ni mengi na donge la mtu halitakiwi kuonwa ovyo. Miaka tisa.

Mara ya kwanza kuiona mikono ikitetemeka ilikuwa nyumbani kwangu, saa nne ya asubuhi, tukinywa chai. Alinyoosha mkono kuchukua kikombe, na kadiri vidole vilivyokaribia mpini ndivyo vilivyozidi kucheza. Alipokishika, kikombe kikagonga sahani, tii-tii-tii. Akakirudisha.

"Chai yako ya moto leo, Mariana," akasema.

Haikuwa ya moto. Nilikuwa nimeshakunywa nusu ya kikombe changu. Nikamjibu, "Pole kaka, ngoja nikuongezee maziwa." Nikaongeza maziwa kwenye chai iliyopoa, na tukaongea habari za mvua.

Wiki mbili baadaye, Jumamosi, tulikuwa kwenye ukumbi wa parokia kwenye maombi. Mimi ndiye ninayeanzisha nyimbo katika kundi letu. Kiongozi akawaita wenye wagonjwa majumbani waje mbele, na akawaomba wazee wa kundi wawawekee mikono. Sostenes alisogea kwa mama mmoja aliyepiga magoti. Akanyoosha mikono kuelekea kichwa chake, na mikono ikaanza kutetemeka, kidogo, halafu sana, halafu kwa nguvu kabisa ilipobaki shubiri moja. Ilipotua kwenye kichwa cha yule mama ikatulia. Akaenda kwa wa pili, ikawa vile vile.

"Roho ameshuka!" mtu akapaza sauti. Watu wakalia. Kaka yangu naye alilia, machozi yakimchirizika hadi shingoni, na uso wake ulikuwa na furaha ambayo sikuwahi kuiona hata siku ya harusi yake.

Na mimi nililia. Hapo ndipo panaponisumbua kuliko pengine pote. Nilikuwa nimeiona mikono ile wiki mbili kabla, mezani kwangu, ikimtetemekea Roho gani, wa kikombe? Niliikumbuka, naapa niliikumbuka, wazo lilinipitia kama mtu anavyopita dirishani. Nikapandisha wimbo juu zaidi.

Baada ya hapo Sostenes hakuwa tena mchoma dhahabu anayesali. Alikuwa mtu mwenye mikono. Walikuja kutoka Nyasubi, kutoka vijiji vya upande wa Geita, akina mama wa Kisukuma wakisalimia kwa kupiga magoti na kumwita baba ingawa walimzidi umri. Hakupokea kitu, hata kuku alikataa. Asubuhi anachoma madonge, alasiri anawekea watu mikono. Akishindwa kufunga vifungo vya shati, Paskalina alimfungia. Akiandika jina lake likawa kama njia ya mchwa, tulisema ni kwa sababu ya kufunga na kusali. Alianza kukasirika kwa mambo madogo, na baadaye kuwaonea haya hata wageni aliowazoea. Tukasema anapigwa vita na shetani kwa sababu ya karama yake. Fizi zilitoka damu. Tukasema mswaki.

Mimi nashona kwenye baraza ya duka la vitambaa la Mohsin, pale Nyasubi. Mohsin ni mfanyabiashara, babu yake alifika huku zamani kutoka India, na yeye amezaliwa Kahama na Kisukuma anakijua kuliko mwanangu Davis. Siku moja Sostenes alipita kunisalimia. Alipoondoka, Mohsin akasogea na kipimo chake shingoni.

"Mama Davis, kaka yako bado anachoma?"

"Anachoma. Kwani vipi?"

"Mimi nimewaona watu wa moto tangu marehemu baba yangu yupo. Wanaanza hivyo hivyo. Mikono, halafu hasira, halafu miguu inavimba. Mpeleke hospitali kubwa."

"Ile ni karama, bwana Mohsin. Wewe si wa dini yetu, huwezi kuelewa."

Aliniangalia. "Unajidanganya, mama yangu," akasema kwa upole, akarudi ndani kumpimia mteja khanga.

Sikumsemesha siku nne. Neno lile lilinichoma kwa sababu nilikuwa nimelizoea kwa matumizi mengine. Sokoni tunalirushiana: mshindani akisema atakuchukulia wateja, unamwambia, "Unajidanganya wewe!" Kijana anayemtamani binti wa watu, tunasema anajidanganya. Aliyeachwa akisubiri mume arudi, anajidanganya. Daima ni wewe, au yule. Na mtu akilisema juu yake mwenyewe, ni baada ya mambo kuharibika: nilijidanganya. Sijawahi kumsikia mtu amekaa, anakula, anasema, "Hapa nilipo ninajidanganya." Angelisema, angekuwa ameshaacha.

Lakini niseme pia kwamba Mohsin alinitikisa. Nilimbembeleza kaka twende zahanati, nikamwambia tukapime malaria tu. Tulimkuta daktari binti mdogo, mkali kidogo. Alimwambia anyooshe mikono, akamtazama fizi, akampa kalamu aandike jina.

"Unafanya kazi gani, baba?"

"Mkulima," akasema Sostenes.

Nilikuwa nimekaa pembeni yake. Nilitazama sakafu.

Daktari akashusha kalamu. "Hapa kwenu kila anayetetemeka ni mkulima," akasema. "Sijui mnalima nini." Akaandika barua ya kumpeleka hospitali ya rufaa, akanikabidhi mimi. Niliisoma nje, chini ya ukuta. Iliandikwa kwamba anashukiwa kuwa na sumu ya zebaki, apimwe mkojo na figo, na aache kazi yoyote ya moto mara moja.

"Anasemaje?" kaka akauliza.

"Anasema ukapimwe zaidi. Wanashuku tu."

"Wakishuku maana yake hawajui."

"Hawajui," nikasema.

Barua nikaiweka ndani ya Biblia yangu, kwenye Zaburi, nikijiambia kwamba naiweka mahali pa kuiombea. Ilikaa humo miezi saba. Hospitali ya rufaa ni safari ya saa chache kwa basi.

Sasa, ni rahisi kusema kwamba kaka yangu hakuelewa, kwamba alikuwa mtu wa imani asiyejua mambo ya kemikali. Hata mimi nimelisema hilo kwa waombolezaji. Lakini nilikuwa naiona nyumba yake. Siku ya kuchoma, Paskalina alikatazwa kupika kwenye jiko lile mpaka kesho yake. Pipa la maji lilifunikwa kwa bati na juu yake likawekwa jiwe. Madirisha ya upande wa jiko yalifungwa. Blessing, ambaye wakati huo alikuwa darasa la pili, alitumwa kwa majirani akacheze, na akirudi mapema alifokewa na baba yake hadi kulia. Na Sostenes mwenyewe alichuchumaa mgongo wake ukiwa upande unakotoka upepo. Mwili wake wote ulijua. Mikono yenyewe ilijua, maana ndiyo iliyofunika pipa. Kilichokataa ni kinywa.

Na mimi? Kila alipowasha makaa nilikumbuka kwamba nimesahau kununua chumvi.

Siku ninayotaka kuifikia ni ya mwaka huu, kabla ya kwaresima. Mageni, jirani yetu kanisani, alikuwa amejifungua mtoto wa kiume, na yule mtoto akawa hanyonyi vizuri. Alimleta kwenye maombi akiwa na siku arobaini hivi, amefungwa kwenye shuka jeupe. Sostenes alifika amechelewa, anatoka moja kwa moja kuchoma. Nilimnusa moshi wa makaa alipopita. Mageni akamwendea.

"Baba, mwekee mikono. Mpitishie kidole kinywani, ndipo penye shida, hashiki titi."

Kaka akanyoosha mikono. Ikaanza. Watu wakaanza kunong'ona kwa lugha za sala. Ilipokaribia ule uso mdogo akasimama, akaitazama mikono kama mtu anayetazama mikono ya mwingine. Akairudisha. Akaificha kwapani, mmoja huku na mwingine kule, akarudi nyuma hatua mbili.

"Usinilazimishe, mayu, mama yangu."

"Kwa nini, baba? Mtoto ana kosa gani?"

"Mtoto hana kosa. Hii mikono siyo." Sauti yake ilikuwa ndogo, lakini kila mtu alisikia. "Hii mikono si ya Roho. Ni zebaki hii. Ninaumwa mimi. Nimekuwa naumwa siku zote."

Ninyi mnaosoma mtadhani hapo ndipo kweli ilipotoka na mambo yakabadilika. Sivyo. Mzee mmoja nyuma yangu akasema, "Oneni unyenyekevu!" Mwingine akasema, "Mtumishi wa kweli hajisifu." Mageni mwenyewe alikuwa anatoa machozi, anasema wabeja, wabeja baba, anashukuru kwa kuambiwa kwamba hawezi kusaidiwa. Sostenes akaanza kutafuta uso kati ya watu. Akanipata mimi. Alijua kwamba kuna barua. Nadhani alijua hata ilipo. Alikuwa ananiomba niseme neno moja tu, "Ni kweli," basi.

Nikaanzisha wimbo.

Niliuanzisha kwa sauti ya juu kabisa, ule wa kupiga makofi, na ukumbi ukaudaka, ngoma ikaingia, na kaka yangu akawa anaongea midomo ikicheza na hakuna aliyesikia. Nimejiuliza mara ngapi kwa nini. Sikutaka afe. Nilikuwa nampenda, ndiye aliyenilipia shule, ndiye aliyenishika mkono kwenye kipaimara. Lakini kama mikono ilikuwa ni zebaki, basi machozi yangu ya siku ile ya kwanza yalikuwa ni nini? Na wale waliosema wamepona? Na mimi niliyeimba miaka mitatu, nilikuwa namwimbia nani? Nilihisi ukumbi mzima unakuja kuniangukia kichwani, nikaushikilia kwa wimbo.

Jumatatu alirudi kuchoma. Hakulisema tena jambo lile kwa mtu yeyote.

Mnamo Juni miguu ilivimba. Julai uso ukavimba. Tulimpeleka hospitali ya rufaa akiwa hawezi kuvaa viatu, na figo zilikuwa zimeshakwisha. Mtoto wa Mageni, nashukuru Mungu, alipelekwa kliniki akapona. Ulimi ulikuwa umeshikana chini, wakakata kidogo tu ile ngozi iliyoushika.

Siku mbili kabla hajafariki nilikuwa nimekaa kando ya kitanda chake, mchana, Paskalina ametoka kufua.

"Mariana."

"Abee, kaka."

"Ulijua?"

"Sikujua," nikasema. Lilitoka lenyewe, kama kupiga chafya.

"Na mimi sikujua," akasema. Halafu akaanza kucheka, kicheko cha kifuani kisichokuwa na pumzi. "Tukienda kusimama mbele ya Mungu, mimi na wewe, tutasema hivyo hivyo? Ataniuliza, Sostenes, na lile pipa ulikuwa unafunika nini?"

"Kaka, usiongee sana."

"Niache niongee. Wimbo umekwisha."

Hakusema kwa ukali. Ningependa angesema kwa ukali. Nikashika ule mkono, ulikuwa umejaa maji na ngozi inang'aa, nikamwambia nilijua. Nilijua tangu kikombe cha chai. Nikamwambia habari ya Zaburi. Alinisikiliza hadi mwisho macho yakiwa darini.

"Basi tulikuwa wawili," akasema. "Nilidhani niko peke yangu humo." Akalala. Alhamisi akafariki.

Watu wananiambia ni mapenzi ya Mungu, nami naitikia, kwa kuwa nayaamini mapenzi ya Mungu. Ila siku hizi nikiitikia nasimama kidogo, najiuliza: hii ni imani, au nimeongeza maziwa kwenye chai iliyopoa? Sala zangu zimekuwa fupi na hazina utulivu. Namwambia Mungu nionyeshe, halafu naogopa asije akanionyesha.

Juzi, wiki ya tatu tangu matanga yaishe, nilikuwa kwa Paskalina tunachambua mchele uani. Saa saba ya mchana akabisha hodi Donatus. Ni mtu wa rika la kaka, walifanya kazi pamoja mwaloni, na madonge yaliyokuwa yakiletwa kwa Sostenes sasa yanakwenda kwake. Alikuwa na kopo la maziwa ya watoto, na ndani yake kitambaa kimefungwa.

"Shemeji, pole tena. Dada, shikamooni ninyi wenye mchele mzuri."

"Karibu, Donatus," Paskalina akasema. "Kopo hilo la nini?"

"Nilikuwa nataka jiko mara moja tu. Kwangu wamejaa wageni, na jiko la marehemu limezoea."

"Jiko nimelifunga."

"Nusu saa, shemeji."

"Nimesema nimelifunga. Jiko hilo limenifanya mjane, wewe unataka lifanye nini tena?"

Donatus akacheka, akitutazama kwa zamu. "Sostenes, Mungu amrehemu, alikuwa na damu nyepesi. Na alikuwa anafunga kula siku mbili mbili, huwezi kuchoma una njaa. Mimi kila nikichoma nakunywa maziwa nusu lita. Yanakata sumu yote."

"Sumu gani?" nikauliza.

Kicheko kikabaki mdomoni peke yake. Alitazama kopo, akatazama jiko lenye kufuli.

"Si watu wanavyosema," akasema.

"Wewe unasemaje?"

"Dada, jua kali. Mimi naenda, nitaongea na jirani yenu hapa."

Kopo lilikuwa linagonga kwenye kifungo cha shati lake. Alilibana kwa mkono wa pili likanyamaza.

Neno la Mohsin lilikuwa tayari kwenye ulimi wangu, lakini nakumbuka mimi nililipokeaje: siku nne bila salamu. "Donatus," nikamwambia, "kaka yangu hakuugua kwa muda mfupi. Nilisoma uongo kaburini. Na kabla ya hapo nilijidanganya miaka mitatu, nikamsaidia na yeye. Kaa nikueleze ilivyokuwa."

"Siku nyingine, dada. Mwenye donge ananisubiri."

Akatoka. Paskalina alinitazama, mikono yake ikiwa imezama kwenye mchele. "Wifi, huyo hasikii."

"Na mimi sikusikia."

Nikavaa ndala zilizokuwa mlangoni, moja yangu na moja yake, nikatoka barabarani. Alikuwa ameshafika kwenye kona. Nikamwita kwa jina, watu wawili wakageuka, yeye hakugeuka. Akaongeza mwendo. Nami nikaongeza.